Bomba Ndani ya Bomba

Kila anayekuja kwangu lazima amsifu mdogo wangu. Hajakaa vizuri, chai hajaionja, ameshaanza: "Jamani, mdogo wako ana akili!" Nami nacheka meno yote nje huku roho inaniuma. Ana akili, sawa. Mimi je, shingoni nimebeba boga?

Mtaani wanamwita Bisibisi. Jina alilipata utotoni, kwa sababu hakuna kilichofungwa kwa skrubu kilichopona mikononi mwake: redio, saa ya ukutani, hata pasi ya mama. Na aliyekuwa anachapwa ni mimi, eti ndiye mkubwa, kwa nini sikumwangalia. Akakua, akaolewa, akaachika, na sasa anafua. Nyumba za wageni zinamletea mashuka na mataulo, anayafulia chumba cha nyuma na kuyakausha kwa mashine ya umeme. Ukipita uchochoro wake unasikia ngurumo tangu asubuhi, na sabuni inanukia mpaka barabarani. Dobi tu, mwenzangu. Mimi nashona mapazia, nina sebule yenye makochi ya maana, nina chumba cha wageni chenye kitanda cha mbao nzito. Sasa niambie, mama yetu alipaswa kukaa kwa nani?

Alikaa kwangu. Tangu baba afariki mama alikuwa kwangu, na hiyo ndiyo raha pekee ambayo Bisibisi alikuwa hajanifungulia skrubu. Watu wakiuliza mama yuko wapi, nilikuwa najibu, "Yuko kwangu." Nasema taratibu, ili isikike vizuri.

Ukaja msimu wa baridi, ile baridi ya ukungu mpaka mchana, nguo zinakaa kambani kutwa na unazianua bado mbichi. Magoti ya mama yakaanza kumsumbua. Nikamwekea blanketi juu ya blanketi, akawa analalamika kwamba zinamlemea. Bisibisi akaja kumsalimia, akamwona anavyotetemeka, akasema, "Mama, hebu njoo kwangu siku mbili tatu. Kuna kitu nimetengeneza."

Kitu chenyewe kilianzia kwa paka. Mashine ya kukausha nguo hutoa hewa ya moto kwa bomba la nyuma, na bomba lake lilikuwa limetoboa ukuta likatokea uchochoroni. Paka wote wa mtaa wakapata habari. Ikinguruma tu, wanakuja chini ya lile tundu, wanasukumana, wanapigana makofi kugombea nafasi. Mtu mwingine angechukua fagio akawafukuza. Yeye alisimama akawatazama, akasema, "Yaani paka wanaota joto langu, na mimi ndani natetemeka?" Kisha huyo, kwa fundi bati.

Basi mama akaenda kwa siku mbili tatu. Wiki ikapita. Nikapiga simu, nikasikia kicheko. Mama huyu huyu ambaye kwangu alikuwa anaguna tu! "Chumba kina joto, mwanangu," akasema, "mpaka nimevua soksi." Kuvua soksi! Nilikata simu nikakaa kwenye kochi langu la maana, kijiba cha roho kikanikaba.

Nikaenda kujionea. Chumba alichopewa mama kimepakana na chumba cha kufulia. Karibu na sakafu kuna tundu lenye wavu, linapuliza hewa ya joto, kavu kabisa, haina hata harufu ya sabuni. Mama alikuwa kwenye kiti, miguu peku, anaongea kama redio. Nikaweka kiganja kwenye ule wavu. Lo! Nilitamani liwe limeharibika.

"Umefanyaje?" nikamuuliza Bisibisi, kama mtu anayeuliza tu habari za mvua.

Alikuwa anasafisha chujio la mashine, anatoa yale manyoya ya nguo, kazi anayoifanya kila anapomaliza kukausha ili yasije yakashika moto. Akageuka, anacheka. "Dada, ni bomba ndani ya bomba!"

Sasa wewe unayejua Kiswahili, niambie: mtu akikwambia kitu chake ni bomba, maana yake nini? Maana yake ni kizuri, kiko safi, hakina mpinzani. Na huyu bomba moja halikumtosha, ni bomba ndani ya bomba! Anajitapa mbele ya mama, tena kwa kicheko. Nikajikaza kisabuni. "Haya, hongera," nikasema, nikachukua mkoba wangu. Akanifuata mlangoni: "Dada, subiri nikuonyeshe kule nyuma." Nikamwambia mapazia ya watu yananingoja.

Mashine nikanunua. Ya umeme kama yake, ila kubwa kuliko yake. Fundi bati nikatafuta mwingine, maana yule wa Bisibisi angempelekea maneno. Nikamwambia bomba la nyuma lisitoke nje, liingie moja kwa moja chumba cha wageni.

"Ndani, mama?" akauliza.

"Ndani. Kwani huko nje tunampasha nani?"

"Na ule mvuke wa nguo?"

"Wewe ni fundi au ni mwalimu wangu?"

Akafunga kama nilivyotaka. Nikakodi gari, nikamfuata mama, nikamwambia sasa kwangu kuna joto kuliko kule. Bisibisi alimpangia nguo zake mfukoni, hakusema neno baya wala zuri. Na hilo nalo likaniudhi.

Tulipofika, nikajaza mashine mapazia mabichi, nikawasha. Joto likaja kweli! "Eh, afadhali," mama akasema. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, najiona mimi ndiye mimi.

Halafu kioo cha dirisha kikaanza kutoa jasho. Halafu ukuta. Maji yote yaliyokuwa kwenye mapazia yalikuwa yanahamia chumbani kwa mama. Shuka likalowa unyevu, rangi ya dari ikaanza kuvimba, na manyoya ya kijivu yakawa yanaelea hewani, yanatua kwenye blanketi, kwenye kikombe cha chai, kwenye nyusi za mama. Akakohoa, akajipangusa uso.

"Mwanangu," akasema, "unanipasha au unanipika?"

Nikazima mashine mbio. Joto likaondoka, unyevu ukabaki, chumba kikawa kibaya kuliko kabla sijakigusa. Nilisema nitafungua madirisha. Mama akasema, "Mpigie mdogo wako, ama nimpigie mimi."

Bisibisi akaja. Akalitazama bomba, akautazama ukuta, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Dada, si nilikwambia? Bomba ndani ya bomba!"

"Ulikuwa unajisifu!"

"Kujisifu? Bomba! Bomba la bati, dada!" Akaunyoosha mkono wake mbele yangu. "Ona. Huu mkono ni bomba jembamba, linabeba hewa ya mashine, na maji yake na manyoya yake, inakwenda zake nje. Huu mkono wa sweta ndio bomba nene. Hapa katikati, feni ndogo inapitisha hewa safi ya chumbani. Inachukua joto la bomba la ndani, mvuke wenyewe haiugusi. Na shukuru umenunua ya umeme. Ingekuwa ya gesi, moshi wake una sumu, nisingethubutu hata kuisogelea."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Waswahili walisema usimwige tembo," akaanza.

"Mama, usimalizie," nikamkatiza. Tunaijua wote inavyoishia.

Kesho yake walikuja, yeye na fundi wake. Wakatoboa ukuta, wakalilaza bomba la ndani likateremka kidogo kuelekea nje ili matone ya mvuke yachuruzike yenyewe, wakalivika bomba nene, wakafunga na feni. Tukafuta kuta. Nikawasha. Hewa ikaja ya joto, kavu, safi. Bisibisi akakusanya vifaa vyake, akamuaga mama, akaondoka. Hakunidai hata asante, na mimi sikumpa.

Sasa mama hakuwa na sababu tena ya kuondoka. Joto ni lile lile, chumba changu ni kikubwa, kitanda changu ni kizito. Mama akakaa pembeni ya kitanda. Akavitazama vidole vyake, akautazama mlango.

"Una kitu cha kukunja?" akauliza.

"Mama, pumzika. Kwangu hufanyi kazi."

"Nipumzike mpaka lini? Kule tunakunja mashuka. Mdogo wako anashika ncha hii, mimi ile, tunasengenya watu tukienda mbele na kurudi. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja."

Nikakimbia kwenye mashine, nikaleta pazia refu, bado la moto. Nikashika ncha mbili, yeye nyingine mbili. Tukalivuta likanyooka, tukasogeleana, vidole vyetu vikagusana, tukarudi nyuma. Mama akatabasamu, akanisimulia kisa cha mgeni mmoja aliyesahau meno yake ya bandia ndani ya foronya. Nilicheka kweli, si kile kicheko cha meno. Tukakunja la pili, tukakunja na shuka langu, na nguo zangu zilizokuwa kwenye beseni.

"Zimeisha?" akauliza.

"Zimeisha, mama."

Akalipapasa lile rundo dogo, akalinyoosha kwa kiganja. "Kwa mdogo wako haziishi," akasema, kisha akainama kutafuta viatu vyake.

Nilimwitia gari mwenyewe. Niliporudi ndani chumba kilikuwa na joto zuri, hata mimi ningevua sweta. Wivu ulikuwa ule ule, ila safari hii sikujua nimwite fundi gani.