Viraka vya Lipu Siku ya Posa

Namshukuru Mungu aliyeniamsha salama leo akanipa na ujasiri wa kusimulia aibu hii, maana kwa umri wangu, na miaka yote niliyofundisha katekisimu hapa Majengo, Mpanda, si kitu chepesi kukiri kwamba niliwahi kurefusha sala kwa sababu naogopa kufungua macho.

Ilikuwa wiki ya posa ya binti yetu wa mwisho, Restituta. Wageni wanatoka Usevya, na ukuta wetu wa mbele umebanduka lipu sehemu tatu chini ya dirisha, kila moja upana wa sahani. Nikasema nitaziba mwenyewe. Jirani yangu Nestori, fundi aliyekulia Katumba, akanikuta na mwiko mkononi.

"Mzee, gonga kwanza pembeni ya shimo," akasema. "Pakilia kama debe tupu, ujue lipu imeachana na tofali. Bandua yote mpaka ufikie pagumu, umwagie maji, ndipo uzibe."

Nikagonga. Palilia kama debe tupu kutoka dirishani mpaka mlangoni! Nikaona nikibandua yote hiyo wageni watakuta tofali wazi, basi nikaamua (hapo ndipo nilipojimaliza) kuziba mashimo tu, tena nikazidisha simenti ili viraka vishike sana. Rangi niliyopaka juu ikakataa kufanana na ya zamani, ukuta ukawa kama shati lililoshonewa viraka, nikaona dawa ni kuficha, nikasogeza benchi la wakwe palepale mbele yake.

Jumamosi asubuhi wageni wakafika, wakaketi. Nikawaomba tusimame tusali, nikafumba macho. Kumbe baba wa kijana, Mzee Gaspari, mkulima wa mpunga mwenye mwili mzito, ana magoti mabovu, akaweka kiganja ukutani ajiinue. Nikasikia kwaa! Kisha vitu vinamiminika kama mahindi kwenye debe, kisha mtu anakohoa.

Sikufungua macho. Nikawaombea wagonjwa, nikawaombea wasafiri, wakulima wa Mwese, wafuga nyuki wa Ugalla, mvua, na marehemu wa pande zote mbili (wa kwetu kwa majina). Moyoni nilikuwa namwona Restituta amekaa chumbani na kitenge chake kipya, anasubiri kuitwa, na baba yake ndiye amemharibia.

Mke wangu akanivuta shati. "Baba Restituta, sema Amina. Mkwe ana vumbi mdomoni."

Nikafungua. Suti nyeusi ya Mzee Gaspari imekuwa ya kijivu, kope zake nazo, na lipu yote toka dirishani mpaka mlangoni iko chini, na juu yake vimelala viraka vyangu vitatu, vizima kabisa!

Mshenga wao akanong'ona, "Jamani, tumekuja kuomba binti, tunapewa na ukuta."

Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama Mzee Gaspari. Ningeweza kusingizia mvua, lakini ulimi ulikataa.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "nilijua pameachana, nikaficha. Nisamehe. Lakini huyu mtoto msimpime kwa ukuta wangu."

Akajifuta macho taratibu, akaugeukia ukuta, akagonga upande uliobaki kwa fimbo yake. "Na hapa pia pameachana," akasema. "Kwangu ni hivihivi, ila mimi nimepanga magunia ya mpunga mbele yake. Mama, kweli si kweli?"

"Kweli," mkewe akajibu, "na ulinikataza nisiseme!"

Hapo watu wakacheka mpaka mshenga akakaa chini. Restituta akatoka ndani bila kuitwa, ameshika beseni la maji na taulo, akapiga goti, akamnawisha mkwe uso. Mzee Gaspari akasema, "Huyu ndiye tuliyemfuata," na posa ikapokelewa mbele ya tofali wazi.

Jumatatu mimi na Nestori tukabandua yote iliyobaki. Tangu siku hiyo sizibi kitu kabla sijagonga, na sala zangu zimekuwa fupi, jambo ambalo wanajumuiya wanalifurahia kuliko wanavyosema.

Wewe unayesoma, Mungu akubariki, aisimamishe nyumba yako, na pale palipoachana akuonyeshe mapema, kabla mgeni hajaegemea. Amina.