Hadithi Ambayo Bibi Hakuisikia Hadi Mwisho

Harufu ya karatasi inayoungua kwa mafuta ya taa hunirudisha Mnyuzi, kwenye uwanja wa kanisa letu, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Siipendi hadi leo. Takataka za nyumbani kwangu nazifukia.

Mwaka ule Bibi, mama yake mama yangu, alitoka Magoma kuja kukaa nasi kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Nikirudi shule tulikaa upenuni, yeye akipukuchua mahindi, mimi nikimsomea riwaya ya Kiswahili niliyoazimwa na rafiki yangu wa Korogwe mjini. Ilikuwa habari ya msichana aliyechukuliwa na upepo hadi nchi ya wanyama wanaosema, akawa anatafuta njia ya kurudi kwa mama yake. Bibi aliipenda kunishinda. Nikichelewa, alinikemea: "Keti usome, mjukuu wangu. Jana tulimwacha yule mtoto mtoni, atanyeshewa."

Siku hizo hizo filamu ya kitabu kile ikafika kwenye kibanda cha video karibu na stesheni. Mimi nilikatazwa, lakini wenzangu walijazana. Mchungaji wetu alihubiri Jumapili tatu mfululizo kwamba kitabu na filamu ile ni mlango wa uchawi: mtoto huanza kwa kutazama, kisha huota, kisha huchukuliwa. Hakuwa mtu mbaya. Alituogopea kweli, na hofu yake ikatuingia. Watoto wakaanza kusimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda, wakiombewa na kukumbatiwa na kina mama, nami nikaona wivu. Jumapili ya tatu nikasimama, nikasema kweli tupu, kwamba nimeota ninaruka.

"Uliruka na nani, mwanangu?" mchungaji akauliza kwa upole.

Katika ndoto ile Bibi alikuwa kando yangu, kama alivyokuwa kando yangu kila ukurasa.

"Na Bibi," nikasema.

Ulimi hauna mfupa. Kule kwenye kwaya nikamwona Mama akishusha kitabu chake cha nyimbo. Nilijaribu kueleza kwamba Bibi alikuwa akisikiliza hadithi tu, nikazidi kuharibu, maana sasa ilijulikana kwamba kitabu kipo kwetu. Kilifuatwa siku ile ile, kikawekwa juu ya hirizi na vibuyu walivyosalimisha waumini wengine, kikamwagiwa mafuta ya taa. Tulikuwa tumebakiza kurasa kama ishirini.

Hakuna aliyemgusa Bibi. Waliacha tu kumwamkia. Watoto waliokuwa wakimpa shikamoo toka mbali walipita wakitazama chini. Mama, binti yake wa kumzaa, akaanza kumpakulia peke yake na kunizuia kukaa naye upenuni. Mwezi haukuisha, Bibi akafunga kanga zake. Mimi na Mama tulimsindikiza hadi kituo cha basi, nikingoja anikaripie. Aliniinamia akauliza, "Yule mtoto alirudi kwa mama yake?"

"Sijui, Bibi."

Ningemuuliza nani? Walioiona filamu walikuwa wametubu, hakuna aliyethubutu kuitaja. Bibi alifia Magoma kabla sijaenda kumwomba radhi, na hilo linaniuma kuliko yote.

Siku hizi binti yangu huitazama filamu ile ile kwenye simu, amelala kifudifudi kwenye kochi, na hata watoto wa mchungaji wa sasa huja kutazama naye. Hakuna anayetoa ushuhuda. Mama, ambaye sasa naye miguu inamvimba na anakaa kwangu, huwacheka wale wanyama wanaosema. Mwezi uliopita niliketi nao, nikaitazama hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Msichana alirudi. Alibisha hodi, mama yake akamfungulia mlango.

"Kumbe alirudi," nikasema.

Mama alikuwa amelisikia swali lile pale kituoni. Alivuta kanga yake akajifunika uso, na binti yangu akauliza bibi yake analia nini.