Sanduku Lililorudi Kawangware

Nyongesa ni fundi seremala, na ukienda kwake kupiga soga utapoteza muda wako. Mdomo wake hufunguka kwa chai na kwa misumari anayoibana kati ya midomo akifanya kazi. Karakana yake iko kando ya barabara, ukitoka Kawangware kuelekea Riruta Satellite, mabati machache na turubai. Mimi, Sella, nashona nguo kibanda cha pili kutoka kwake, na kwa kuwa yeye haongei, mimi ndiye ninayemsemea. Hajawahi kulalamika.

Anatengeneza vitanda, meza na majeneza, ambayo sisi huku twaita tu sanduku. Vitanda ndivyo vinavyomlisha, lakini heshima yake yote iko kwenye sanduku. Kwao ni Bungoma, upande wa magharibi tunaouita Western. Huko mtu akifa kuna kungoja: watu wanakutana jioni, wanachanga, tarehe inatangazwa, mwili unasafirishwa. Sanduku zuri ndilo neno la mwisho ambalo wenzako wanakuambia, na Nyongesa hutaka neno hilo lisikike.

Miaka mingi alifanya kazi na Haroun, Mnubi wa Makina kule Kibera, aliyepiga msasa na vanishi. Wawili hawa waliweza kukaa siku nzima bila kusemezana na wakaridhika kabisa. Mimi ndiye niliyechoka. Saa ya chakula Haroun alifungua bakuli kubwa la wali kutoka nyumbani, wakala pamoja, halafu akajilaza kwenye maranda. Kila siku alilalia ubavu wa kushoto, kwa sababu boriti iliwahi kumwangukia bega la kulia na halikupona sawasawa. Lakini Nyongesa hakuwahi kufika kwa Haroun, wala Haroun kwa Nyongesa. Kazi ilikuwa Kawangware, nyumbani kulikuwa nyumbani. Wanaume wana mambo yao.

Haroun alifariki ghafla, asubuhi. Simu ilitufikia karibu na adhuhuri. Nyongesa hakulia. Alivuta mbao za mvule alizokuwa amewekea kabati la mteja, akaanza kupiga randa. Akaniomba nimshonee mto mdogo, mnene, wa kuwekwa ndani upande wa kulia, pale bega litakapokuwa. Vishikio alinunua vile vizuri kupita vyote dukani, na kama ilivyo kawaida huku, kila kimoja kilikuwa na msalaba mdogo. Alijua Haroun ni Mwislamu. Akachukua tupa akaanza kukwangua misalaba ile mmoja mmoja, kisha akaona jua linampita, akaacha miwili. Alisema hakuna mtu wa kuangalia vishikio siku ya msiba.

Tulijua Waislamu huzika haraka, ila haraka ya kwetu ni kama siku tatu. Alipofika Makina jioni ile ile na mkokoteni wake, Haroun alikuwa ameshazikwa baada ya sala ya alasiri, kwa sanda, bila sanduku lolote. Vijana waliokuwa langoni waliona jeneza, wakaona misalaba, wakamuuliza ametumwa na nani. Walimfukuza kabla hajajieleza, kwa maneno ambayo mpaka leo hajaniambia. Kesho yake alilivunja sanduku lile kwa nyundo, mbao akampa muuza chipsi awe anakokea moto. Mvule, jamani! Kilichobaki ni ule mto. Tangu hapo amekuwa akiukalia akinywa chai.

Ukimtajia Wanubi alikunja uso, akasema hawana shukrani. Hilo alilisema bila kuombwa. Na hakuandika mtu mwingine wa vanishi, ijapokuwa vijana wa kazi hiyo wamejaa. Yeye alisema ni hasira. Mimi niliona ni huzuni, mtu aliyenyimwa nafasi ya kumzika rafiki yake.

Ndipo akaja Mitchelle, msichana anayeandaa vikao vya kuulizana. Anawaleta pamoja watu wa Kibera na wa Kawangware wasiojuana, Wanubi na sisi wa Western, anawakalisha wawili wawili kwenye ukumbi. Masharti yake ni kwamba majina hayatajwi mpaka mwisho, na kila mmoja anauliza lile hasa linalomuuma kuhusu watu wa mwenzake. Nyongesa alikataa. Mitchelle akarudi tena.

"Fundi, we kuja tu," akamwambia. "Uliza chenye kimekukalia kwa roho, halafu uende zako."

Alikuja kwa sababu nilimvuta mkono. Alikalishwa pamoja na mama mmoja wa makamo, Mnubi, amejitanda leso ya rangi ya machungwa. Mimi nilipewa kijana aliyetaka kujua kwa nini sisi hulia kwa sauti kwenye matanga. Nilimjibu nusu nusu, sikio langu likiwa viti vya pili.

Mama yule alianza. Alisema hana ubaya na watu wa Western, hata wapangaji wake ni wa huko. Ila mumewe alipokufa, mtu kutoka Kawangware aliwaletea langoni jeneza lenye misalaba, waombolezaji wote wakiona. Yeye alikuwa ndani, ameshaingia eda, hakuweza kutoka kumwona uso. Kuanzia siku hiyo Makina ilianza kunong'ona kwamba marehemu alikuwa amebatizwa kwa siri huko kazini. Wazee walipunguza kuja kwake. Watu waliokuja kumposa binti yake, Afrah, wakarudi nyuma.

"Mimi nataka kujua tu," alisema. "Ni chuki gani hiyo, ya kumfuata mtu mpaka kwa matanga yake?"

Nilisahau kabisa kijana wangu. Nyongesa alikuwa anatazama viganja vyake. Majina hayakuwa yametajwa, mlango ulikuwa karibu, na kunyamaza ndiko anakokujua kuliko kitu chochote. Akinyamaza, mama yule angekwenda nyumbani na chuki ile ile, naye angerudi karakanani na yake. Nilimwomba Mungu ampe ulimi, kwa dakika chache tu.

"Haikuwa chuki, mama," akasema. "Ni mimi nilileta."

Mama alisimama. Mitchelle akaja mbio, lakini mama alimzuia kwa mkono, akasema mwacheni aseme. Nyongesa akasema. Alieleza habari ya simu, na mvule, na tupa, na jua lililompita. Alieleza kwamba alitarajia kukuta watu wameketi wakipanga mazishi, na kwamba hakuweza kuvumilia rafiki yake aingie ardhini kama mtu asiye na watu. Mama alisikiliza ameukaza uso. Nyongesa alipomaliza, mama akamwambia kwamba maneno kama hayo yeyote anaweza kuyatunga.

Nyongesa akagusa bega lake la kulia.

"Ndani niliweka mto, upande wa kulia," akasema. "Hiyo bega ilikuwa inamsumbua. Hangeweza kuilalia."

Mama aliketi polepole.

"Sisi tunalaza maiti na ubavu wa kulia, aelekee Kibla," akasema. "Ndiyo sheria, na siipingi. Lakini kila nikilala mimi nafikiria hiyo bega." Akavuta leso akafunika macho. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Nililia, na kwa sauti, mpaka kijana wangu akapata jibu lake. Majina yalipotajwa, mama alikuwa Saadia. Aliuliza kama ni yeye aliyekuwa akimalizia wali wake, maana alipakia bakuli la watu wawili miaka yote akidhani mumewe ni mlafi. Nyongesa alikiri.

Ijumaa iliyofuata Mahdi, mwana wa Saadia, alikuja karakanani. Ndiye aliyemfukuza siku ile langoni. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema mama amemtuma amchukue fundi, akasimama akingoja huku amefunga mikono nyuma. Nyongesa alitia mto kwenye mfuko, wakaondoka pamoja. Walipitia makaburini kwanza, Mahdi akamwonyesha kaburi la baba yake. Kisha wakaingia Makina kwa lango lile lile, na Saadia akamkalisha Nyongesa barazani, akawaita majirani, akawaeleza mwenyewe sanduku lile lilikuwa la nini.

Alirudi jioni bila mto. Nilimuuliza ameuacha kaburini? Akasema hapana, Saadia ameuomba, ameuweka kitandani upande wa Haroun.

Siku hizi anakunywa chai amekalia ubao mtupu. Nimemwambia nitamshonea mwingine, akasema haina haja.