Nyuzi Nilizojifumua Mwenyewe

Nakumbuka siku moja nilitoka hospitali hapa Gitega nikiwa na nyuzi tano nyeusi kiganjani, na kichwa kigumu kuliko jiwe la kunolea. Nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Magarama, umri bado mbichi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikikunjwa kinakwama, kwa sababu ya mkasi wa kila siku, na daktari aliona nipasuliwe kidogo ili kilegee.

Kabla ya kunipasua aliniuliza, "Alors, basi mama, tufunge na uzi gani? Iko huu unayeyuka wenyewe, hautarudi tena hapa. Na iko wa nailoni, ule utarudi tuutoe kisha wiki mbili kupita. Kovu ni lilelile."

Mwanangu, mimi na ufundi wangu! Uzi unaoyeyuka, nikawaza, si ndio ule mbovu tunaowarudishia wenye duka? Nikachagua nailoni, kama mtu anayeshona suruali ya shamba. Sikumwambia kwamba wiki hizo mbili ningekuwa mbali, huko Muyinga, kwa baba.

Baba naye alikuwa fundi, ndiye aliyenifundisha pindo la mkono kabla miguu yangu haijafikia kanyagio la cherehani. Sasa macho yalikuwa yamemchoka. Alinitumia neno niende nimshonee kanzu ya Idi, tena kwa mkono. Miaka miwili nilikuwa sijamwona. Kila akiniita, nilisema wateja ni wengi.

Nilipanda basi siku ya nne baada ya kupasuliwa. Siku ya saba kidonda kilionekana kimeshikana, na Idi ilikuwa inakaribia. Kwetu mafundi, bandi, ule mshono wa muda, ikishashikiza kitambaa kazi yake imekwisha, unaifumua. Nikachukua kimkasi, nikajifumua. Kinyozi hajinyoi, wazee walisema, lakini siku ile nani angenifanya nisikilize? Nikatunga uzi, nikaanza pindo la kanzu. Sikufika hata shubiri moja. Kiganja kilifunguka, damu ikaingia kwenye kitambaa cheupe.

Baba alinifunga kidonda. Nilikuwa nalia, naililia ile kanzu. Ndipo aliponikemea.

"We Zena, nani amekuambia mi iko na haraka ya kanzu? Kanzu iko mingi pale sokoni. Mi nilitaka we uje tukae. Mais, lakini ningesema vile tu, ungekuja?"

Nikaiweka ile kanzu kando, mwanangu.

Kidonda kilitunga usaha, kikachukua zaidi ya mwezi kupona. Siku ya Idi baba alivaa kanzu yake ya zamani, nami nikakaa kando yake mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, sina kazi yoyote, tukazungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Sijawahi kuwa naye vizuri kama siku zile. Kabla ya Idi nyingine tulimzika. Nimekuwa mzee sasa, nina wajukuu, na bado namkumbuka baba yangu kwa uchungu. Namkumbuka zaidi ninaposhona pindo, maana kidole hiki hakikurudi kukunjika sawasawa, na hakuna wa kunicheka.

Basi nisikilize. Daktari akikuuliza uzi gani, usimjibu kwa ujuzi wa kazi yako. Mweleze unakokwenda na lini utarudi. Kama njia ni ndefu, chukua unaoyeyuka, wala usiudharau. Ukichukua nailoni, hesabu siku zake, na umwachie daktari autoe. Nyama haifuati sheria za kitambaa. Na mzazi akikuita umfanyie kakazi kadogo, usiharakishe kukamaliza. Huenda anaona haya kusema kwamba amekukumbuka. Nenda, keti, mikono yako itulie.

Mungu akuponye kila jeraha kwa wakati wake, akuwekee wazazi wako hai mpaka uwashibe. Amin.