Darubini Niliyobeba Kumtafuta Baba

Darubini mimi nazijua. Sijazisomea; shule niliiacha darasa la nne, na yule mwalimu aliyesema sitafika popote siku hizi hupita mbele ya duka langu Changamwe akinipungia mkono. Niletee darubini yoyote iliyoshuka melini, unifunge macho kwa kitambaa, nitaipapasa nikwambie kama imewahi kuanguka. Nimewauzia walinzi, nimewauzia madereva wa watalii, nimewauzia Wazungu wenyewe, na hakuna aliyerudi kulalamika. Nyumba yangu ya Miritini nimeijenga jiwe kwa jiwe kwa macho ya watu wengine.

Basi nieleze siku niliyochagua vibaya.

Baba alikuwa na mwaka wa pili kwangu, tangu akili ilipoanza kumtoka. Ujana wake alikuwa mwindaji, huko kwetu bara, mtu wa uta na mishale. Kuna siku aliamka akijua yuko kwa mwanawe. Kuna siku aliamka ni kijana, na kuna paa anamngoja. Asubuhi hiyo mke wangu alitoka chumbani kwake na kikombe cha uji kimejaa vilevile.

"Baba hayupo. Na uta haupo ukutani."

"Ameenda msalani."

"Msalani na uta? Toka ukamtafute, bwana wee! Tangu jana alasiri hajagusa maji. Kila nikimpa anasema atakunywa akishapata mnyama."

Baba alikuwa na miiko yake ya pori. Akiwinda hanywi maji mpaka mnyama aanguke, au uwindaji uvunjike. Na akiitwa haitiki. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwita porini, akanijia kimyakimya kutoka nyuma na kunitandika fimbo kwa kuwafukuza kanga. Kwa hiyo kupiga kelele kusingenisaidia. Ilikuwa lazima nimwone. Na nyuma ya nyumba yangu ardhi inateremka mbali: vichaka, mashimo ya mawe, reli, vichaka tena, kisha mikoko. Mzee wa miaka themanini na ushei, tumbo tupu, jua la Februari. Sikuhitaji daktari kuniambia kwamba akifika adhuhuri bila maji nitamleta nyumbani amebebwa kwa machela.

Nilifungua sanduku langu. Kulikuwa na ndogo ya mfukoni, hiyo sikuitazama mara mbili. Kulikuwa na ya baharia, saba kwa hamsini, ngozi imebabuka. Inavuta mara saba tu lakini mdomo wake ni mpana. Na kulikuwa na fahari yangu: ile ya jicho moja, ndefu kama bomba, na stendi yake ya miguu mitatu, inavuta mara sitini. Nikiwa nayo juu ya paa langu, nasoma namba za kontena treni ikiwa bado mbali. Nikasema moyoni, baba yangu mimi simtafuti kwa kitu cha mara saba. Nikabeba bomba.

Nilipanda kwenye kilima kando ya mashimo ya mawe. Mama mmoja alikuwa ameketi pale akiponda kokoto, kitambaa kimemfunika kichwa chote. Nikamsalimia, nikamuuliza kama ameona mzee mwenye uta. Hakumwona. Nikasimamisha stendi, nikaanza.

Wallahi niliona vizuri! Niliona jani. Niliona tundu kwenye jani. Nikisogeza kidole tu, kilima kizima kinaruka na sijui tena nilikuwa wapi. Nilikagua kichaka kimoja baada ya kingine, na kila nilichomaliza kilibaki nyuma yangu bila mtu wa kukiangalia. Saa tatu ikapita. Saa nne joto likaanza kupanda kutoka ardhini, na ndani ya bomba kila kitu kikawa kinachemka kama kiko sufuriani. Mara nikamwona baba amelala chini ya mti! Nikakimbia na viatu vyangu vya ngozi mpaka chini. Gunia la makaa, limetupwa. Nikapanda tena.

"Bwana," yule mama akaniuliza bila kuacha kuponda, "hilo bomba lako linaonyesha nini?"

"Linaonyesha kila kitu, mama. Hata chungu anayetambaa nitamwona."

"Kwani umepotelewa na chungu?"

Nikarudisha jicho kwenye bomba. Mke wangu akatokea anahema, chupa ya maji mkononi, darubini ya baharia inaning'inia shingoni. Aliichukua kwa sababu ndiyo yenye mkanda wa kuvaa shingoni akikimbia.

"Shika hii."

"Hiyo haivuti."

"Shika, nimesema! Saa tano inakaribia!"

Nikaishika. Mikono ilikuwa inanitetemeka, lakini picha haikuruka. Mteremko wote ulikuwa ndani, reli mpaka mikoko. Mambo haya mimi huwaambia wateja kila wiki: ukizidisha nguvu, unazidisha na mtetemeko, na unapunguza mahali. Huwaambia nikiwa nimekaa kitini, chai mkononi.

Hakuna kilichocheza. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha, chini ya reli, mahali ambapo sikuwa hata nimefika na bomba langu, kanga wakaruka kundi zima.

"Kuna mtu pale," nikasema. Mke wangu alikuwa ameshaanza kuteremka.

Tulimkuta amechutama ndani ya kichaka, uta umelegea mapajani, midomo imepasuka, ulimi mweupe. Mshale wake ulikuwa umeanguka hatua tatu tu mbele yake. Mke wangu akapiga magoti, akafungua chupa.

"Kunywa, baba."

Akageuza uso. "Mnyama yuko wapi?"

"Baba, utakufa. Kunywa."

"Yuko wapi?" Aliniuliza mimi. Macho yalikuwa yamezama, na yalikuwa yananingoja mimi. Nilitaka kumdanganya kwamba kaanguka kule barabarani, lakini angetaka tumfuate, na miguu ile isingefika. Mke wangu alikuwa analia bila sauti. Nikachutama mbele ya baba.

"Nimemkosa, baba," nikamnong'oneza. "Alipita karibu yangu, nikapiga kelele, nikamkosa. Ameshakwenda. Leo hakuna uwindaji."

Baba akacheka, kicheko kikavu kisicho na mate.

"Wewe na mdomo wako," akasema. "Lete maji."