Mstari Nilioupindua

Jumapili moja mwaka huu binti yangu alirudi kutoka mafundisho ya dini akiwa na swali. Katekista alikuwa amewaeleza watoto jinsi Maandiko yalivyotufikia: watu waliyasimuliana kwanza kwa midomo, baadaye yakaandikwa kwenye ngozi, yakanakiliwa kwa mkono vizazi na vizazi, yakahama kutoka Kiebrania na Kigiriki hadi Kilatini, mpaka siku wamisionari walipoketi na wazee wetu wakitafuta maneno ya Kiluba na ya Kiswahili yatakayoyabeba. Mtoto alivua viatu, akaniangalia.

“Mama, na kama ule mwenye alikuwa anaandika alibadilisha? Nani atajua?”

Nilikuwa nasonga bukari. Nilimwambia amuulize katekista, nikainamia sufuria asinione uso. Wewe nitakuambia, maana haya yamenikaa kooni tangu utotoni. Mimi nilibadilisha.

Nililelewa na kambo, bibi yangu mzaa mama, kule Kasungami, wakati bado mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba. Mama aliuza nguo mjini na kulala huko, hivyo nyumbani tulikuwa wawili. Kambo alitoka kaskazini, binti wa mfanyakazi wa reli, na hakujua kusoma. Biblia yake ilikuwa zawadi ya arusi. Aliivika karatasi ya mfuko wa sukari, na kila ukurasa ulinuka moshi wa makaa. Mchana nikitoka shule nilikula viazi vitamu vya baridi, kisha nikakaa kwenye kibao kumsomea huku yeye akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikifika mahali Yesu anasema, mchi ulisimama hewani. Kuku waliparua majani yaliyomwagika, naye hakuwafukuza mpaka sentensi iishe.

Alikuwa na usemi wake: “Kitabu hakidanganyake. Mudomo njo unadanganyaka.”

Sasa, kambo alikuwa na mdogo wake, mwanamke aliyeolewa Kasomeno, kwenye njia ya Kasenga, akiuza samaki wakavu. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi. Kwenye matanga ya mama yao, mdogo huyo alisema mbele ya watu kwamba kambo alimwacha mama huyo afe peke yake. Kambo hakulisahau neno lile. Jina la ndugu yake halikutajwa katika nyumba yetu.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Alhamisi, na Jumapili yake nilikuwa napokea komunyo ya kwanza. Kambo alikuwa akinishonea kanzu nyeupe kwa mkono, na pindo lilikuwa bado. Akaja mama mmoja mchuuzi wa samaki, akakataa hata kukaa.

“Mudogo yako anagonjwa sana,” akamwambia kambo. “Anasema yaya yake akuje.” Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Mchuuzi alipoondoka, kambo alifunga vitenge viwili ndani ya kitambaa. Kisha akaketi, akaniita.

“Leta kitabu. Tafuta pale Yesu anasema juu ya sadaka na ndugu. Nataka nisikie mbele ya kwenda.”

Nilipajua, tulikuwa tumepasoma kwa katekista. Pale mtu aliyekumbuka ugomvi anaambiwa aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake, kisha ndipo arudi kuitoa. Niliyaona maneno yote wazi kabisa. Niliona pia kanzu yangu juu ya kiti, pindo likining’inia, na benchi la mbele kanisani bila mtu wangu. Nikasoma kwa sauti ileile niliyosomea siku zote: mtu atoe kwanza sadaka yake, kisha aende kupatana na ndugu.

Niligeuza mahali pa maneno mawili tu, kwanza na kisha.

Kambo aliniangalia. “Ni vile iko imeandikwa?”

“Ndiyo, kambo.”

“Basi, sadaka yako kwanza. Mie nitaenda kisha.”

Akakifungua kile kitambaa, akachukua sindano.

Jumapili kanzu ilinikaa vizuri. Tulikula kuku na mchele, majirani wakanipigia makofi. Jumatatu kambo alipanda kamio, lori la kuelekea Kasomeno. Alirudi baada ya majuma mawili, kichwa kimenyolewa. Mdogo wake alikuwa amekufa Jumamosi, siku moja kabla ya komunyo yangu.

Hakunilaumu. Lakini miezi michache baadaye, padri alisoma somo lilelile kwenye misa, kwa mpangilio wake wa kweli. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwa kambo. Nilisikia pumzi yake ikikatika, kisha ikaendelea. Hakugeuka. Kesho yake nilipochukua kitabu kama kawaida, alisema kwa upole, “Leo hapana, mwana. Macho yako imechoka.” Siku iliyofuata akasema vile vile. Hakuniomba tena nimsomee. Kwenye kitubio nilitaja matusi na uvivu, dhambi ile nikairuka.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo alipougua ugonjwa wake wa mwisho. Nikapiga magoti kando ya kitanda. “Kambo, ile siku ya sadaka na ndugu…”

Akaninyamazisha kwa mkono. “Ile maneno nilikuwa naijua tangu bado sijaolewa. Ulisoma mubaya, na mie nilifurahi. Nilikuwa ningali na kasirani. Juu ya ile njo nilianza kuogopa kitabu.” Akavuta pumzi. “We ulikuwa mutoto. Mie nilikuwa mukubwa.”

Alitaka kunipunguzia mzigo, najua. Lakini alikuwa ameshafunga vitenge vyake. Angeenda na kasirani yake hivyohivyo, na pengine ingemwishia njiani. Mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kubaki, nikaitia mdomoni mwa Yesu.

Baada ya swali la binti yangu sikupata amani. Kiangazi hiki nilikwenda Kasomeno. Mashamba ya Kasungami niliyokulia yamekuwa kuta na mabati. Kasomeno nako makaburi ya zamani yamemezwa na majani, hakuna aliyeweza kunionyesha la mdogo wa kambo. Sauti ya kambo imepotea, na ya mdogo wake sikuwahi kuisikia. Nilimkuta mama mmoja mzee akigeuza samaki juani, nikamtajia yule marehemu. Alimkumbuka. Walikuwa majirani.

“Ile wiki ya mwisho tulimutoshea mukeka inje, karibu na barabara,” akasema. “Kila kamio yenye kusimama, alikuwa anauliza: ‘Yaya yangu eko ndani?’ Mpaka Jumamosi.”

Akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia napita tu.