Vifuniko Vitano

Hata leo navisikia vile vifuniko vya soda vikigongana ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilipolitikisa mlangoni, watoto wa askari pale mtaani Kamwokya walikimbilia madawati wakicheka. Ingekuwa sauti ya furaha tupu, kama si asubuhi moja ninayoionea haya mpaka sasa.

Nilikuwa msichana aliyeishia darasa la saba tu, nikifundisha kwa kuwa walimu wengi walikuwa wameikimbia nchi kwa kuiogopa serikali ya kijeshi, na niliota kuwa mwalimu mkuu. Asubuhi hiyo nilianza somo la kujumlisha hivi: kila mtoto aweke kifuniko kimoja kwa kila mtu wa nyumbani kwake. Msichana wa dawati la mbele akaweka vitano.

"Mwalimu, huyu anadanganya," jirani yake akasema. "Baba yake hayuko. Watu walikuja na gari, wakamchukua."

"Atarudi," msichana akasema. "Mimi namhesabu."

Ningenyamaza tu. Lakini somo langu lilikuwa limeninogea, nikaona hapo ndipo pa kuingiza kutoa. "Haya, darasa, tano toa moja?" Nikakiondoa kifuniko kimoja kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nne," wakaitika wote, isipokuwa yeye. Alivifunika vilivyobaki kwa viganja.

Walipokwenda nyumbani, nilibaki darasani na kopo langu. Nilitoa vifuniko vitano, nikavipanga juu ya dawati lake.